Kitambaa cha Mafuta ya Taa

Kitambaa chenyewe kilikuwa kipande cha shati la marehemu mume wangu, shati la mistari ya buluu, upande wa mgongoni ambako pamba ilikuwa bado nzima. Nilikikata mwenyewe kwa mkasi, nikakipinda ncha na kuzishona ili kisitoe nyuzi, maana uzi mmoja ukinasa kwenye rangi mbichi, kazi ya siku nzima imeharibika. Kilikaa ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko, pamoja na mafuta ya taa kama vijiko viwili. Kwa miaka arobaini hakuna gari lililopigwa rangi katika karakana yetu bila kupanguswa kwa kitambaa hicho, au kwa vilivyokitangulia. Mume wangu alikuwa na msemo wake: "Mpake mafuta bibi harusi, nije nimvishe." Mimi nafuta, yeye anapuliza.

Mume wangu alikufa kwa kifua. Sigara hakuvuta hata moja. Ilikuwa thina, ile ya kuchanganyia rangi ya mafuta, aliyoivuta kila siku tangu ujana wake na leso tu puani. Mwaka wake wa mwisho alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, na mimi nahesabu pumzi zake kama mtu anayehesabu shanga.

Karakana ikabaki kwa mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee. Alijifunza kazi kwa mzee kwanza, kuoa kukaja baadaye, kwa hiyo mkono wake ni mkono wa mzee, hata namna ya kugeuza kifundo akifika kwenye kona ya mlango. Ananiita Mama, nami namwita Baba, kama heshima ya ukwe inavyotaka. Katika miaka kumi na minane ya kula sahani zilizooshwa pamoja hatujawahi kuvunjiana heshima. Mimi napiga msasa, naziba vioo kwa magazeti na utepe wa karatasi, nafuta. Yeye anachanganya na kupuliza.

Mwaka jana naye akaanza kukohoa. Kikohozi kilekile. Nilikijua kama unavyojua hatua za mtu wa nyumbani kabla hajabisha hodi. Daktari alimpiga picha ya kifua, akamwambia bila kuzunguka kwamba thina basi, akiendelea nayo hana miaka mitano. Binti yangu akataka aiache kazi kabisa. Aende wapi? Mtu wa miaka arobaini na tano ambaye mikono yake haijui kingine ila bomba la kupulizia rangi.

Akahangaika, akauliza huku na huku, mpaka akaja na habari ya rangi ya maji. Si ile ya kupaka kuta, bali ya chuma, unaizimua kwa maji ya bomba na haina harufu ya kumkimbiza hata inzi. Iliuzwa na mama mmoja mwenye duka barabara ya pili kutoka kwetu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Makopo kwa sababu ya makopo aliyoyapanga mbele ya duka kama askari. Mimi nilicheka. Nilisema rangi ya maji juu ya chuma ni sawa na kumpaka samaki poda. Mkwe wangu akacheka pia, ndipo akasema maneno ambayo sikuyacheka. Alisema atajaribu gari moja. Likikubali, kazi yake imepona na kifua chake kimepona. Likikataa, atarudi kwenye thina, na litakalokuwa na liwe.

Gari lililoangukiwa na jaribio hilo ni lori dogo la jeshi, kuukuu, la Sajini. Sajini ni mwanajeshi mstaafu, rafiki wa mume wangu tangu wakiwa na nywele. Ananiita shemeji na hana siku asiyonitania. Lori hilo aliliendesha akiwa kijana, akalikuta uzeeni kwenye uwanja wa vyuma chakavu, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Yeye na wastaafu wenzake walitaka kulisimamisha mbele ya ukumbi wao, na walikwisha kuipanga siku, Jumamosi ya wiki ya pili. Alipoambiwa rangi ya maji haing'ai, alifurahi.

"Gari la jeshi ling'ae?" alisema. "Ili adui ajitazamie kwanza, achane nywele, ndipo akupige?"

Tuliliosha siku tatu. Siwezi kuisahau kazi ile. Chini ya madigadi mlikuwa na grisi iliyoganda ikawa ngumu kama ubao, nikaikwangua kwa kisu cha puti. Rangi ya zamani ilikuwa tabaka juu ya tabaka, kijani, kahawia, kijani tena iliyofifia, na kila nilipopiga msasa niliona miaka inafunuka kama kitabu. Ubavuni mwa boksi la mizigo mtu alikuwa amekwaruza mistari midogo ya kuhesabu siku, tano tano, thelathini na tano kwa jumla. Mkwe wangu aliniambia nipite juu yake taratibu, isifutike. Kisha tukaosha kwa sabuni na maji ya moto, tukasuuza, tukaosha tena. Mwisho alichukua kopo la maji akalirusha ubavuni, akainama kutazama. Maji yalitandaa yote kama shuka, hayakuvunjika popote. Akatabasamu. Alisema hiyo ndiyo dalili, maji yakitandaa chuma ni safi, yakijikunja vitone kuna mafuta.

Lilipokauka aliniambia kwa sauti ya upole, "Mama, hili sasa asiliguse mtu. Hata kwa kitambaa."

Nilimsikia. Nataka ijulikane kwamba nilimsikia, kwa sababu baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba sikusikia. Nilimsikia, na neno "kitambaa" likanichoma. Mkono uliofuta magari miaka arobaini leo unaambiwa usiguse. Nikaona nawekwa kando pole pole, kwa adabu, kama kiti kilicholegea mguu.

Asubuhi yake nilifika karakana kabla ya wote, kama kawaida yangu. Jua lilikuwa linaingia kwa chini ya mlango wa mabati. Juu ya boneti nikaona vumbi, jembamba, la barabarani, la usiku mmoja. Vumbi tu. Nikajiambia vumbi hilo litamharibia. Mkono ukaenda kwenye kopo la maziwa wenyewe, na kama nilisita, basi ni kwa muda wa kufungua kifuniko. Nikafuta boneti. Boneti likiwa limefutwa, mlango ukaonekana mchafu. Nikafuta milango, madigadi, boksi lote, nikazunguka mpaka nikarudi nilipoanzia. Nusu saa. Nilipomaliza, lori liling'aa kidogo kwenye mwanga, nami nikajisikia kijana. Nilikipinda kitambaa nikakitia kwenye mfuko wa aproni, maana nilisikia sauti yake nje akisalimiana na jirani.

Hakuuliza kitu. Hakukuwa na sababu ya kuuliza.

Alichuja rangi kwa soksi ndefu ya binti yangu, akaizimua, akajaribu mkono kwenye kipande cha bati, akaanza. Nilisimama mlangoni nikimwangalia. Hakuwa na leso puani, na uso wake ulikuwa wazi kama wa mtu anayepumzika. Alipuliza mlango wa kwanza wote bila kukohoa. Ndipo nikaona rangi inafanya jambo ambalo sijaiona rangi ikifanya. Ilitulia, kisha ikaanza kukimbia. Ikajitenga vishimo vishimo vya duara, kama macho ya samaki, na ndani ya kila jicho bati linachungulia. Mahali pengine ilijikusanya vitone kama umande kwenye jani la mgomba.

 Nilijua saa ileile.

Yeye alidhani ameizimua kupita kiasi. Akaongeza rangi nzito, akapuliza tena, na tena, mpaka macho mengi yakazibika na lori likawa kijani zima. Kwa mbali lilipendeza. Nikajiambia labda imeshika. Unajua mtu mwenye kosa anavyokuwa mwepesi wa matumaini.

Kesho yake, Ijumaa, alikuja Sajini, na mkwe wangu akamwita Mama Makopo naye aje aone rangi yake. Alitaka kumshukuru, maskini. Mbele yao akashika ncha ya utepe niliokuwa nimeziba nao ukingo wa kioo, akauvuta. Utepe ukaja, na rangi ya mlango ikaja nao, kipande kizima, laini, kama utando wa maziwa yaliyochemka. Akausogelea mlango wa pili, akagusa kwa ukucha. Ikabanduka. Akaendelea kuichuna, na vipande vikaanguka sakafuni kimoja kimoja.

Alipogeuka hakuwa mtu ninayemjua. Alimwambia Mama Makopo kwamba amemuuzia maji yaliyotiwa majani, kwamba rangi hiyo ni ya bandia, kwamba amechezea kifua cha mtu mgonjwa. Alisema kwa sauti, na mchana karakana yetu huwa wazi upande wa barabara. Watu walisimama. Mama Makopo hakupaza sauti. Aliokota kipande cha rangi, akakigeuza upande wa ndani, akakisugua kwa vidole, akakinusa. Kisha akauliza swali moja.

"Fundi, nani alilifuta gari hili baada ya kuoshwa?"

"Hakuna."

"Nauliza vizuri. Rangi hii haina ugomvi na chuma, ina ugomvi na mafuta. Kikulacho ki nguoni mwako. Uliza watu wako."

Kitambaa kilikuwa kwenye mfuko wangu wa aproni. Nilikuwa nimekisahau humo tangu jana. Nilikisikia pajani kama kaa la moto.

Mkwe wangu akaja akasimama karibu yangu. Hakunitazama, kwa kuwa hakuwa na haja ya kunitazama. Aliweka mkono nyuma ya bega langu, jambo ambalo kwa heshima ya ukwe hajawahi kulifanya, akamwambia yule mama, "Watu wangu ni huyu hapa. Kaliosha gari hili siku tatu, na nilimwambia asiliguse tena. Naapa kwa jina lake hakuligusa. Wewe unaweza kusema nini mbele ya mama huyu?"

Wote wakanitazama. Sajini, Mama Makopo, muuza magazeti barabarani. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi pana kabisa, mtu angeweza kupitisha ng'ombe. Nikaangalia viatu vyangu. Kimoja kilikuwa na tone la rangi ya kijani kwenye ncha, nikalitazama tone hilo mpaka Mama Makopo aliposema, haya, na kuondoka.

Siku hiyo sikula. Binti yangu aliuliza, nikasingizia jino. Nilikuwa na nafasi tena jioni, na asubuhi, na Jumapili kutwa. Kila nafasi niliyoiacha ilifanya inayofuata kuwa nyembamba zaidi. Ukiiba kijiko leo, kukirudisha kesho ni rahisi. Baada ya wiki unarudisha kijiko na wiki nzima ya uso wako mezani.

Jumatatu nilijaribu kwa mlango wa nyuma. Nilimwambia, "Baba, kwa nini usijaribu tena ile ya maji? Labda hatukuosha vizuri." Hatukuosha! Hata hapo niliigawa aibu nusu, nikampa na yeye fungu. Akanijibu kwa upole, na upole wake ulinichapa kuliko kiboko. Alisema tuliosha vizuri, Mama, usijilaumu. Rangi ndiyo mbaya. Alikwisha kurudisha makopo yaliyobaki. Sajini naye alikwisha kusema kule ukumbini kwao kwamba bidhaa za yule mama ni za kuangalia mara mbili, na watu walianza kulipita duka.

Jumatano niliingia karakana nikakutana na ile harufu. Mtu aliyekaa nayo miaka arobaini anaisikia kabla hajaingia. Kopo la thina lilikuwa mezani, limefunguliwa. Lori limekwanguliwa rangi yote mbovu, na mkwe wangu amejifunga leso puani, leso ya mzee, ile yenye kona iliyoungua, aliyoitoa kwenye sanduku la vifaa. Alikuwa anachanganya. Akakohoa, akaacha kuchanganya akashika meza, akakohoa tena mpaka mgongo ukapinda, kisha akachukua kijiti akaendelea.

Nilimwambia, "Baba, usipulize. Nisubiri. Nakuomba usipulize mpaka nirudi." Pengine ni sauti yangu iliyomzuia. Akaweka kijiti chini.

Nilikwenda kwa Mama Makopo kwa miguu, na aproni. Nilimkuta amekaa peke yake nyuma ya meza. Nilitoa kitambaa nikakiweka mbele yake juu ya karatasi za stakabadhi, nikasema ni mimi. Hakukigusa. Alikiangalia, akaniangalia, akasema alijua.

"Ulijua?"

"Niliona macho yako yameshuka kwenye viatu, dada. Viatu vyenyewe si vizuri kiasi kile."

Nikamwomba radhi. Akatikisa kichwa. Akasema radhi ya chumbani haitoshi kwa tusi la barabarani, nami nikamwambia ndiyo maana nimekuja kumchukua. Akafunga duka. Njiani, tulipofika kwenye mtaro, alinishika mkono nivuke, na wema huo ukaniumiza.

Karakana tulimkuta Sajini amekaa kwenye tairi anamsubiri mkwe wangu. Wapita njia walikuwepo, kama kawaida. Nilisimama mahali palepale niliposimama Ijumaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakapotea yote. Nilikinyanyua kitambaa nikasema:

"Baba, gari nililifuta mimi. Kwa mafuta ya taa. Asubuhi ile, kabla hujafika. Ulinikataza, nikakusikia, nikalifuta. Mama huyu rangi yake haina kosa."

Mkwe wangu alikitazama kitambaa. Alilijua shati. Kisha akachukua kifuniko cha thina, akakifunga, akakikaza taratibu mpaka hakikazi tena. Akavua leso.

"Niliapa kwa jina lako," alisema.

"Nilisikia."

"Ukaniacha."

"Nikakuacha."

 Ningependa angesema zaidi. Ningependa angenigombeza kama anavyogombezwa mtu, nikajua kosa langu lina urefu gani. Sajini, ambaye hajawahi kukosa neno, aliinuka akaenda kukagua tairi lisilokuwa na ubaya wowote. Mkwe wangu akamwendea Mama Makopo, akashika mikono yake miwili, akamwomba msamaha kwa sauti ileile ya juu aliyomtukania, mpaka muuza magazeti akageuka. Mama Makopo akamwambia amesikia, mtaa mzima umesikia, sasa anyamaze asije akaharibu kifua. Makopo yataletwa saa nane. Na Sajini asiendelee kupapasa tairi, aende ukumbini kwao akameze alichokitema. Sajini akasema ndiyo, afande.

Nilichukua ndoo ya sabuni. Mkwe wangu akaipokea mkononi mwangu.

"Mama, leo pumzika."

Hakusema kwa hasira. Nilikaa kwenye sanduku la vifaa, mikono mapajani, nikamwangalia anaosha peke yake gari ambalo nililichafua mimi, kila bati, kila kona, mara tatu. Jua lilihama kutoka mlangoni mpaka ukutani. Alipomaliza alirusha maji. Kwenye boneti yalijikunja vitone. Akaosha tena. Akarusha tena, yakatandaa.

Alhamisi alipuliza, uso wazi. Ijumaa akavuta utepe mbele yetu sote, nikafumba macho. Nilipofumbua, utepe ulikuwa umetoka mtupu na ukingo wa rangi umenyooka kama uzi. Kesho yake, Jumamosi, lori lilisimama mbele ya ukumbi, kijani isiyong'aa, na ile mistari thelathini na tano ubavuni ikionekana ukiwa karibu. Walinitengea kiti cha mbele. Nilikaa nyuma, karibu na mlango.

Sasa ni mwaka. Karakana haina harufu, na kikohozi chake kimepungua, kinakuja siku za baridi tu. Duka la Mama Makopo limejaa tena, na akiniona napita hutazama viatu vyangu kwanza, kisha anacheka, nami nacheka naye kwa sababu ni haki yake. Kopo la maziwa nililitupa. Kitambaa nilishindwa kukitupa. Nimekifua kwa sabuni sijui mara ngapi, nikakianika juani, na bado nikikinusa kwa ndani kabisa ninasikia mafuta ya taa.

Kazi yangu nilirudishiwa baada ya wiki mbili, bila neno. Napiga msasa, naziba vioo, naosha. Gari likiwa tayari mkwe wangu hunipa kopo la maji nirushe mwenyewe. Maji yanatelemka ubavuni, sote tunasimama tunayaangalia.

"Mama, yametandaa?"

"Yametandaa, Baba."

Anasema haya. Kisha anainama, anaangalia mwenyewe.